Mjerumani na Klachi: Haikuwa Mapenzi, Ilikuwa Hesabu

Wasee, kuna hii stori kwamba Mjerumani ni dereva wa ukweli juu anakanyaga klachi, na wa otomatiki ni mvivu. Mimi naona imeanza mwisho. Pesa ilitangulia, heshima ikafuata.

Anzia Marekani. Oldsmobile ilitoa gia otomatiki ya Hydra-Matic kwa magari ya 1940. Kule injini zilikuwa kubwa na petroli bei rahisi, hivyo kupoteza nguvu kidogo haikuwa noma. Sasa enda Ujerumani baada ya vita. Gari ya raia ni Volkswagen Beetle, nguvu ya farasi kama 25 tu. Otomatiki za enzi hizo zilipitisha nguvu kwa oili, na nyingine ikaishia kuwa joto. Ukitoa hiyo kwa farasi 25, unabaki na nini ya kupanda mlima? Mercedes-Benz ilileta otomatiki yake mwaka 1961, lakini hiyo ilikuwa gari ya wenye nazo.

Halafu sheria ikakaza. Ukifanya mtihani na otomatiki, leseni inakufungia hapo hapo. Nani angekubali? Vijana wakajifunza klachi, wakanunua gari za klachi, wakaambia watoto wao huko ndiko kuendesha. Hesabu ikageuka utamaduni.

Cheki sasa. Mwaka 2003 Volkswagen iliweka DSG kwa Golf: klachi mbili, na gia inaingia haraka kuliko mkono wako. Gari za umeme nazo zikaja bila klachi kabisa. Kutoka 1 Aprili 2021, Mjerumani anaweza kufanya mtihani na otomatiki na bado aruhusiwe zote mbili, bora asome angalau vipindi 10 vya dakika 45 kwa manuali na shule impime kwa dakika 15.

Kwetu pia leseni ya B1 ni ya otomatiki pekee. Kwa hivyo kabla ulipie shule ya udereva, piga hesabu yako: utaendesha gari gani, na kazi unayotafuta inataka nini? Pengine klachi itakulipa, na hiyo ni sababu poa ya kuisoma. Lakini anko akikucheka eti otomatiki si kuendesha, mwambie hata Mjerumani alianza na bei ya petroli.