Kusinzia Si Kulala

Mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongo hasikii maumivu ya kisu, lakini anasikia mazungumzo ya madaktari na mlio wa vyuma, ndiyo maana mara nyingi huongezewa dawa ya kumwondolea hofu, kama midazolamu au propofoli. Wengi huiita “dawa ya usingizi”, jina lilelile wanaloipa nusu kaputi. Hapo ndipo mambo yanapovurugika: wa nusu kaputi haamki hata akikatwa, ilhali huyu anakusudiwa afumbe macho na bado aitike akiitwa. Hali hiyo ina kitenzi chake tangu zamani, kusinzia. Basi tuseme usinzishaji.

Umri ndio unaonionyesha kwamba huu si ubishi wa maneno matupu. Kipimo kinachomsinzisha kijana chaweza kumzamisha bibi wa miaka 80 hadi pumzi ikwame, kwa kuwa ubongo wa mzee huelemewa upesi na mwili wake huchelewa kuitoa dawa. Ganzi yenyewe nayo huchangia, maana ubongo usiopata habari kutoka miguuni huanza kusinzia wenyewe. Mwaka 2010 Frederick Sieber na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti wa wazee 114 waliovunjika nyonga na kupasuliwa kwa ganzi ya mgongo: kati ya waliozamishwa, asilimia 40 walichanganyikiwa akili baadaye, kati ya waliosinzishwa kidogo tu, asilimia 19. Utafiti wao wa 2018, wa wazee 200, haukuiona tofauti hiyo kwa jumla, ila kwa wale wasioandamwa na maradhi mengi. Hata hivyo, swali lenyewe lisingeulizika bila maneno ya kutenganisha mwenye kusinzia na aliyezama.

Atakayesema “utulizaji” unatosha ana hoja, kwani neno hilo halimtishi mgonjwa. Lakini tunatuliza maumivu, watoto, hata ghasia. Mzee akiambiwa atapewa dawa ya kutuliza, atadhani ni ya maumivu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba “usinzishaji mzito” unajipinga wenyewe, kwa kuwa aliyezama hasinzii tena. Nakubali, na kwangu hiyo ni faida: daktari wa usingizi akilazimika kuandika “amelala” badala ya “anasinzia”, ameshakiri kwamba mpaka umevukwa, na kwa mzee mpaka huo uko karibu mno.