Masasi ya kuhesabiwa: ganda la shaba na bunduki ya risasi moja wakati wa Bula Matari

Mahali vita vilipopita, mashariki mwa Kongo, watoto huokota maganda ya masasi kando ya barabara, wakayafanya filimbi au wakayauza pamoja na vyuma chakavu. (Lile ambalo bado lina risasi kwenye ncha si ganda, ni silaha. Haliguswi hata kama limeshika kutu. Mtu mzima aitwe.) Ganda tupu la leo halina faida kubwa. Miaka 140 iliyopita mambo yalikuwa mengine. Bunduki ya kisasa wakati ule ilikuwa ile inayopiga mara moja, kisha inafunguliwa na kujazwa tena kwa mkono, na ganda lake liliweza kurudi kazini mara nyingi. Aliyekuwa na vyombo vya kulirudisha alikuwa na bunduki kweli. Asiyekuwa navyo alitegemea yule anayemgawia masasi.

Wazee walijua silaha ya zamani zaidi. Tangu Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe, watu wa misafara ya pembe walibeba gobore na gumegume. Baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, inashindiliwa kwa mti, risasi inafuata. Risasi ikikosekana, kipande cha chuma kinatosha. Kikivunjika kitu, mhunzi wa kijiji anajaribu. Mwenye baruti ndiye mwenye bunduki, ndiyo maana Tippu Tip, alipopatana na Stanley huko Zanzibar mwaka 1887 kuhusu wapagazi, suala la baruti halikuwa dogo hata kidogo. Msafara huo wa Stanley uliingia msitu wa Ituri na mamia ya bunduki za namna nyingine kabisa: Remington, za risasi moja, zinazojazwa kwa nyuma.

Bunduki hizo hazikutaka baruti ya kumiminwa. Zilitaka sasi zima, yaani vitu vinne vilivyofungwa pamoja: risasi mbele, baruti katikati, fataki kwenye kitako, na ganda la shaba ya njano linaloshika vyote. Baruti inapowaka, ganda linavimba hadi kugusa kuta za chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo sasi linakaa. Linaziba moshi usirudi usoni kwa mpigaji. Kisha shaba inanywea kidogo, na ganda linatolewa. Lakini halirudi kabisa kama lilivyokuwa. Mdomo umepanuka, hauwezi kushika risasi mpya, na mwili umenenepa.

Kazi ya kulirudisha ilistawi hasa Marekani, katika miaka ya 1870, kwa wawindaji wa nyati wa nyika za Kansas na Texas. Duka lilikuwa mbali, na masasi ya kiwandani yalikuwa ghali. Walinunua baruti kwa pipa, risasi kwa vipande vya kuyeyusha, fataki kwa kopo, na jioni walikaa karibu na moto wakijaza maganda ya mchana. Kwanza waliyaosha kwa maji, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuila shaba. Halafu walichagua namna ya kulirudisha ganda kwenye kipimo.

Wengine walilibana lote. Ganda linapakwa mafuta kidogo na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma mpaka lirudie unene lilioutoa kiwandani. Ganda la namna hiyo linaingia katika bunduki yoyote ya aina yake. Ubaya wake ni kwamba shaba inayovimba na kubanwa kila mara inachoka, kama waya unaokunjwa na kunyooshwa, na siku moja inapasuka.

Wengine walibana mdomo tu, mahali risasi inapokaa. Mwili waliuacha, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuchukua umbo la chemba ya bunduki ile ile. Ganda lilidumu zaidi, na risasi ilikaa sawasawa na mtutu, kwa hiyo shabaha ilikuwa nzuri. Lakini ganda hilo lilikuwa limefunga ndoa na bunduki moja. Ukilipeleka kwa bunduki ya jirani huenda likagoma mlangoni.

Walikuwapo pia wapiga shabaha wa mashindano, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, ambao hawakubana kitu. Risasi waliiingiza kwenye mtutu peke yake, kisha ganda lenye baruti likafuata nyuma yake. Mtu aliweza kumaliza mashindano kwa ganda moja, akilijaza na kulijaza tena. Kwa mchezo wa Jumapili hakuna njia safi kuliko hiyo. Kwa askari anayekimbia, haifai.

Jambo lililoamua mara nyingi lilikuwa mlango wa bunduki yenyewe. Bunduki ya kisasa yenye komeo la kusukuma mbele na kuzungusha ina nguvu ya kulilazimisha ganda nene liingie. Bunduki nyingi za risasi moja hazina nguvu hiyo. Sasi linasukumwa kwa kidole gumba, mlango unafungwa juu yake, basi. Ganda likinenepa kidogo, mlango haufungi. Na likinasa baada ya kupiga, mpigaji anabaki na rungu mkononi. Jeshi la Marekani, ambalo maganda yake ya shaba nyekundu yalikuwa laini na yenye kunasa, mwanzoni mwa miaka ya 1880 lilianza kutoa maganda yanayoweza kujazwa tena, pamoja na vyombo vya kazi hiyo, na hatimaye likahamia shaba ya njano.

Bunduki ya aina hiyo ndiyo iliyoletwa Kongo. Ubelgiji iliipokea Albini mwaka 1867, na Leopold wa Pili alipoanzisha jeshi la Force Publique katika miaka ya 1880, askari wake walipewa hiyo Albini, yenye mtutu wa milimita 11. Mlango wake unainuka juu kwa bawaba iliyo mbele. Sasi linaingizwa, mlango unashushwa, na nyundo inapopiga inasukuma pini inayoufunga. Ni chombo rahisi na kigumu. Lakini askari wa Kongo hakupewa kile ambacho mwindaji wa Kansas alikuwa nacho mfukoni: kalibu, fataki na ruhusa.

Ruhusa ilikatwa kwa sheria. Tarehe 2 Julai 1890, huko Brussels, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba uliosemwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake, vifungu vya 8 na 9 vilizuia kuingiza bunduki za kisasa na masasi yake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida ya biashara viliweza kuruhusiwa. Wafanyabiashara ya watumwa walikuwapo kweli, na mkataba uliwabana. Lakini pia uliiacha serikali ya Leopold ikiwa na ufunguo wa sanduku la masasi, na mwanakijiji na silaha ya babu yake.

Waasi wa Force Publique walilijua hilo. Mwaka 1897, huko Ndirfi, askari wa msafara wa Dhanis walipoasi walichukua Albini na masasi, wakapigana miaka kama mitatu hadi upande wa Kivu na Tanganyika. Kila pigano liliwapunguzia akiba, na hakuna kiwanda cha kuijaza.

Serikali nayo ilihesabu. Sasi lilikuwa mali ya Bula Matari, na askari aliyetumwa kutafuta mpira alitakiwa kueleza kila moja lililotumika lilikwenda wapi. Katika Ikweta, uthibitisho uliotakiwa ulikuwa mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Askari aliyepiga mnyama kwa ajili ya nyama, au aliyekosa shabaha, alikuwa na deni la mkono, na wengine walilipa kwa kukata mikono ya walio hai. Wamisionari waliandika hayo. Roger Casement, konsoli wa Uingereza, aliyasikia mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 inataja mto Momboyo: masasi 6,000 katika miezi sita.

Wakubwa walisema hesabu ile ilikuwa ya kuzuia uharibifu wa masasi. Nchini humo humo, kando ya mto, vijiti vya shaba ya njano vilivyoitwa mitako vilikuwa pesa ya sokoni. Shaba ya ganda ilikuwa na bei inayojulikana. Mkono haukuwa nayo.

Albini haikutoka upesi. Vita vya Wajerumani vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Force Publique walikuwa bado nayo, wakati jeshi la Ubelgiji kwao lilikuwa limeshapokea Mauser tangu 1889. Silaha bora zilifika vita vikiendelea, na Tabora ilitekwa Septemba 1916.

Gobore lenyewe lilibaki vijijini. Hadi leo wahunzi wanatengeneza bunduki za kienyeji, zile ambazo wengi wanaziita pupu, kwa bomba la chuma na mti. Mwindaji wa Maniema au Tshopo anaijaza mdomoni kama wenzake wa Nyangwe walivyofanya, na haokoti ganda, kwa sababu halipo.