Nani Alishika Kamba?

Kama umewahi kupanda lori la mizigo, utingo unamjua. Gari likigoma mlimani, dereva hubaki kwenye usukani. Utingo ndiye anayeruka chini na jiwe mkononi, akalikingie nyuma ya tairi. Wakifika salama, watu huuliza jina la dereva. Ndivyo historia nyingi zinavyoandikwa, vijana wenzangu, na ushahidi mmoja ni barabara ya Sani Pass.

Njia hii inatoka upande wa Himeville, Afrika Kusini, kwenda Mokhotlong, Lesotho. Inapanda ukuta wa milima ya Drakensberg mpaka mita 2,876 juu ya usawa wa bahari. Kipande cha juu kimejulikana miaka na miaka kwa changarawe, mawe yaliyolegea na kona zisizokupa nafasi ya kupumua. Gari linalotakiwa pale ni lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Dereva anaingiza gia namba moja, anaiacha hapo hapo. Akipapasa gia katikati ya mwinuko, gari linaishiwa nguvu na kuanza kurudi kinyumenyume, na huko nyuma ni korongo. Majira ya baridi, ongeza theluji na barafu.

Historia ya barabara hii hupenda kuanzia tarehe 26 Oktoba 1948. Siku hiyo Godfrey Edmonds, rubani wa zamani wa ndege za kivita za Uingereza, aliipandisha Jeep yake. Wa kwanza! Haya, gari la kwanza, tumekubali. Je, ndiye aliyefungua njia? La hasha! Kabla yake nyumbu na punda walikuwa wakiteremka na sufu kutoka Lesotho, iliyoitwa Basutoland wakati huo, na kupanda na unga na bidhaa za madukani. Kwato zilishatafuta palipopitika. Tairi zilifuata nyuma.

Na hiyo Jeep je? Simulizi ya safari yenyewe inasema palipoishinda, Wabasotho waliikokota kwa kamba. Mwaka 1955 David Alexander alianzisha kampuni ya usafiri wa Land Rover kwenye njia hiyo. Jina lake lipo. La Edmonds lipo. Wenye kamba hutajwa kwa jumla tu: "Wabasotho".

Simdharau Edmonds. Kushika usukani pale kulitaka moyo. Lakini sisi tunaojifunza kuandika tunampenda mno "wa kwanza", kwa kuwa anatujia tayari na jina na tarehe, hatutoki jasho kumtafuta.

Mtaani kwako kuna mzee aliyekuwa utingo enzi za barabara za vumbi. Nenda kakae naye. Muulize mlima gani uliwatesa, na jiwe aliliweka wapi. Kisha, kabla hujaaga, muulize jina lake kamili, uliandike.