Gesi haiishi, huvuja
Friji ikiacha kugandisha, tunaambiwa "gesi imeisha". Husemwa hivyo pia kwa mtambo wa kompresa unaopoza prosesa ya kompyuta iliyoongezwa kasi. Neno hilo linapotosha. Gesi hii hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: huchemka juu ya prosesa ikifyonza joto, kisha kompresa huisukuma kwenye kondensa irudi kuwa kimiminika. Aina moja ya gesi hii, R-134a, kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri! Gesi ikipungua, imevuja. Kujaza tu ni kumlipisha mteja mara mbili. Fundi, paka povu la sabuni kwenye maungio, ziba tundu, ndipo ujaze. Na useme "imevuja".