Keja ya Wawili, Deni la Nani?

Kuna hadithi moja wazee wetu wanaipenda sana: kwamba kizazi chetu hakinunui nyumba kwa sababu doo zote zinaishia kwa viatu na nyama choma. Wao walijinyima, wakanunua Buru Buru. Sisi tunapanga bedsita hadi mvi zitoke.

Hiyo hadithi ina ukweli kidogo na shimo kubwa. Ukifuata historia ya nyumba Nairobi, utaona kujinyima peke yake hakujawahi kumpa mtu keja. Swali limekuwa kila wakati ni slipu ya mshahara ya nani inahesabiwa, na jina la nani linaandikwa kwa hati. Kama wewe na mtu wako mnapanga kununua nyumba ya kwanza na kila mmoja anakuja na madeni yake, hii historia inawahusu kuliko mnavyodhani.

Jiji la mtu mmoja na kitanda chake

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mwafrika hakuhesabiwa kama mkaaji. Alikuwa mikono ya kazi, akimaliza arudi kwao mashambani. Kuanzia 1920 mwanaume alitembea na kipande shingoni kuonyesha ameajiriwa na nani. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliruhusu watu kujenga nyumba zao, lakini ardhi yenyewe haikuwa yao. Wafanyakazi wa reli walipewa landhi za Muthurwa. Mitaa mingi iliyofuata ilijengwa kwa hesabu ya nafasi ya kitanda, sio ya familia. Wanaume wanalala chumba kimoja, kila mtu na kona yake.

Mke alikuwa wapi? Kwa mpango wa serikali, alikuwa kijijini akilima. Hiyo ndiyo ilifanya mshahara ukae chini, kwa sababu mwajiri alimlipa mwanaume kama bachela, na shamba la mkewe likajaza pengo. Ilifika 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, ndipo Kamati ya Carpenter ikasema wazi kwamba mshahara wa chini unafaa upandishwe pole pole hadi utoshe mwanaume pamoja na familia yake.

Soma hiyo tena. Nairobi ilikuwa na zaidi ya miaka 50 kabla serikali ikubali kwa karatasi kwamba mfanyakazi Mwafrika anaweza kuwa na mke na watoto mjini. Kwa hivyo ukiona ploti ya ghorofa saba imejaa vyumba vya mtu mmoja, usishangae sana. Hili jiji lilianza na hiyo tabia.

Buru Buru na mshahara wa baba

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka wa 1965 serikali ya Kenya na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, zilianzisha Housing Finance Company of Kenya ili Wakenya wapate mikopo ya nyumba. Matunda yake makubwa ni Buru Buru, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Zilikuwa nyumba za familia zenye ghorofa moja juu, ua kidogo mbele na majirani wanaojuana. Karibu wakati huo huo Dandora ikaanza kwa pesa za Benki ya Dunia. Huko ulipewa kiwanja chenye maji na choo, ukajenga vyumba vyako mdogo mdogo.

Basi ni kweli wazee walinunua. Lakini walinunua kwa deni, na deni lilitaka kazi ya ofisini yenye slipu. Mama mboga hakuwa na slipu. Fundi wa Gikomba hakuwa nayo. Hata mama aliyekuwa mwalimu au nesi alikuwa na shida nyingine, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973 ilisema mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ya mume. Nyumba ilikuwa na mishahara miwili, lakini macho ya sheria yaliona mwanaume mmoja.

Na hata waliopata mikopo hawakulala usingizi miaka yote. Kuelekea uchaguzi wa 1992 serikali ilichapisha pesa kupita kiasi, kashfa ya Goldenberg ikaongeza moto, na mwaka wa 1993 riba ya hati fupi za serikali ikapita asilimia 70. Serikali yenyewe ikikopa kwa bei hiyo, mwenye mkopo wa nyumba anakopa kwa ngapi? Wako wazazi waliolipia nyumba moja kama wanalipia mbili. Hiyo sehemu huwa haisimuliwi.

Sisi tulianza na deni kabla ya kazi

Tofauti ya kweli kati yao na sisi ni mpangilio. Wengi wao walipata kazi kwanza, deni likafuata. Sisi deni linatungoja getini.

Mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu ilikuwepo tangu miaka ya 1970, lakini HELB iliundwa kwa sheria ya 1995 na ikawa na meno. Ukikosa kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, uwe na kazi ama huna. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hesabu hiyo kwa mwaka mzima uone venye inatisha. Fuliza ikafuata 2019, na leo neno "kufuliza" limeingia kwa mazungumzo kama kitenzi cha kawaida.

Pamoja nayo ikaja CRB. Kanuni zake zilitoka 2008, na ghafla deni dogo la simu lilikuwa na nguvu ya kukuzuilia mkopo mkubwa. Hali ilikuwa mbaya hadi Aprili 2020 Benki Kuu ikasema deni la chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe CRB tena. Yaani kabla ya hapo, bei ya sahani mbili za pilau ingeweza kusimama kati yako na nyumba.

Ongeza sacco. Sacco imewasaidia Wakenya wengi kuliko benki, siwezi kuisema vibaya. Lakini sacco inataka wadhamini. Ukimdhamini mwenzako wa kazini halafu atoroke, deni lake linakuwa lako. Kuna watu wanadhani hawana madeni, kumbe wamesimamia ya watu watano.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mko wawili, kila mmoja analipwa 80,000. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara, na benki nyingi hutumia mstari huo kupima nani anaweza kulipa. Theluthi mbili ya 80,000 ni karibu 53,300. Kwa viwango vya 2025, kodi, NSSF, SHIF na ile asilimia 1.5 ya nyumba za serikali zinachukua karibu 22,000. Zinabaki 31,300. Toa HELB 6,000 na sacco 15,000. Umebaki na 10,300. Wawili mkiungana, ni 20,600.

Mkopo wa milioni 4 kwa miaka 20, riba ya asilimia 14, unataka karibu 49,700 kila mwezi. Hata ukipata ule wa bei nafuu wa asilimia 9.5, ni karibu 37,300. Hamfiki. Lakini bila zile HELB na sacco, wawili mngekuwa na 62,600, na mlango ungefunguka. Mishahara ni ile ile. Kilichowafungia nje ni madeni mliyokuja nayo.

Ndiyo maana mwisho wa 2023 Benki Kuu ilihesabu mikopo ya nyumba karibu 30,000 pekee, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47. Watu hawa wote hawawezi kuwa wanakula nyama choma.

Jina kwa hati

Tuseme mmefaulu. Sasa inakuja ile sehemu ambayo wapenzi hawapendi kuongea.

Kwa miaka mingi, mali ya wanandoa Kenya iliamuliwa kwa sheria ya Uingereza ya 1882. Ndiyo, 1882, kabla hata ya Nairobi kuwepo. Majaji wengine walijaribu kuwa wapole na kuhesabu kazi ya mke nyumbani, lakini mwaka wa 2007 Mahakama ya Rufaa ikafunga huo mlango: kuwa mke na kutunza nyumba hakutoshi, onyesha pesa uliyotoa.

Katiba ya 2010 ikaleta kifungu cha 45 kinachosema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikatambua mchango usio wa pesa, kama kulea watoto na kazi za nyumbani. Na kwa wenye madeni, kifungu cha 10 ni cha kusoma mara mbili: deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa, mnagawana sawa.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili siku moja. Ya kwanza ilisema usawa wa Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, bado mchango unaangaliwa. Ya pili ilihusu watu wawili walioishi pamoja miaka mingi bila ndoa. Mahakama ilikataa kuwahesabu kama mume na mke, lakini kwa kuwa wote walichangia, ikagawa mali asilimia 70 kwa 30. Kwa hivyo kama mko njoo-tuishi na unalipa nusu ya kila kitu huku hati ina jina moja, usitegemee mapenzi. Tegemea risiti.

Msimamo wangu

Sisemi msinunue. Nasema msianze na kutembelea nyumba za maonyesho na kuchagua rangi ya jikoni. Anzeni na meza moja na simu mbili. Kila mtu afungue HELB yake, Fuliza yake, ripoti yake ya CRB, sacco yake na majina ya wote aliowadhamini. Mkikopa pamoja, benki inaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote, sio nusu. Siri ya mmoja inakuwa mzigo wa wawili.

Malizeni yale ya simu kwanza, maana ndiyo ghali zaidi. Punguzeni ya sacco hata kama nyumba itachelewa miaka miwili. Kisha wekeni majina yote mawili kwa hati, na kama mmoja analipa zaidi, andikeni hivyo mkiwa bado mnacheka pamoja. Mtu atakayekasirika kwa kuulizwa ana deni gani amekupa jibu tayari, na amekupa bure.

Nairobi ilichukua zaidi ya miaka 50 kukubali kwamba mfanyakazi anaweza kuwa na mwenzake. Sheria ikachukua mingine kukubali kwamba huyo mwenzake anaweza kuwa na haki kwa nyumba. Hiyo nafasi ilipiganiwa. Msiipoteze kwa sababu ya deni lililofichwa.

Niambie hapo chini: wewe na mtu wako mshaonyeshana madeni, ama bado mnaonyeshana tu picha za sofa?