Scotsman: motokari kubwa ya watu wa mfuko mdogo

Mwaka wa 1957, kampuni ya Studebaker ya mji wa South Bend, jimbo la Indiana huko Marekani, ilikuwa katika hali mbaya. Ilianza 1852 kwa kutengeneza mikokoteni ya farasi. Sasa Ford na Chevrolet walikuwa wanaishinda kwa bei. Ndipo ikatoa Scotsman, motokari ya kubeba familia nzima, kwa dola 1,776.

Ili kufikia bei hiyo, walipunguza karibu kila kitu. Mapambo ya chuma ya kung'aa, hakuna. Vifuniko vya magurudumu vilipakwa rangi tu. Ndani ya milango waliweka katoni, na chini ya miguu mpira. Hata jina lilikuwa mzaha: Wamarekani walizoea kusema watu wa Scotland ni wabahili. Lakini injini ya silinda 6 ilikuwa nzima, na watu walinunua. Mwaka wa 1958, uchumi wa Marekani ulipoyumba, zilitengenezwa zaidi ya 20,000.

Haikutosha. Mwezi wa 12 mwaka wa 1963 kiwanda cha South Bend kilifungwa, na mfuko wa pensheni ukakutwa hauna pesa za kutosha. Waliokuwa na miaka 60 walilipwa yote. Wafanyakazi karibu 4,000 wa miaka 40 hadi 59 walipata kama asilimia 15 tu ya haki yao. Wadogo kwao hawakupata kitu. Kilio chao kilisaidia kuzaa sheria ya pensheni ya 1974. Wao wenyewe haikuwarudishia hata senti.