Jino la Simba wa Tsavo

Msomaji, bila shaka umekwisha kusoma habari za reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ufuoni mwa Ziwa Viktoria, mahali tunapopaita Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Ukaapo Maseno, ni mwendo mfupi tu kuteremka kwenda kuuona mwisho wa kazi ile. Yamkini wajua pia kwamba mwaka 1898 kazi hiyo ilisimama kwa muda penye mto Tsavo, kwa sababu simba wawili madume walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa wafanya kazi hemani mwao, Wahindi kwa Waafrika. Mhandisi wa daraja, Bwana John Henry Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari za ushujaa wa mtu na uovu wa mnyama. Mimi nataka utazame kinywani mwa simba.

Patterson alizitandika ngozi za simba wale sakafuni mwake kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1924 akaziuza, pamoja na mafuvu, kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, kwa dola 5,000. Wataalamu walipoyachunguza mafuvu baadaye, waliona jambo ambalo hadithi haikulitaja ipasavyo. Simba yule aliyeuawa kwanza alikuwa na chonge la chini, upande wa kulia, lililovunjika zamani. Shinani mwake palikuwa na shimo la usaha ndani ya mfupa, na baadhi ya meno ya mbele yalikwisha kung'oka. Sasa fikiri jinsi simba amwindavyo nyati: humkamata koo au pua, akaibana kwa taya mpaka mnyama akose pumzi, naye nyati huku ajitupa na kupiga mateke. Ni nani mwenye jipu la jino awezaye kazi hiyo? Mtu aliyelala hemani ni laini, wala hana pembe.

Mwaka 2009 wataalamu walipima nywele na mifupa ya simba hao kwa njia za kikemia, wakakadiria kwamba watu walioliwa walikuwa kama 35, si 135 kama Patterson alivyodai baadaye. Tena katika hao 35, kama 24 waliliwa na simba yule mwenye jino bovu, na 11 na mwenziwe.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia asilitwike jino mzigo wote. Katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe na nyati katika nchi hizi, na njia ya misafara ilipita Tsavo tangu zamani, na wengi walikufa njiani wakaachwa bila kuzikwa. Mambo yote hayo yalisaidiana. Lakini jino lina fadhili moja ambayo hati nyingi hazina: halisemi uongo. Mwaka 2024 nywele zilizokwama ndani ya meno yaliyovunjika ya simba hao zilichunguzwa, zikatambulikana za twiga, za punda milia, na za binadamu.

Nakuletea habari hizi kwa ajili ya mnyama aliye karibu nawe zaidi, yaani mbwa alindaye boma lenu. Yeye pia ana chonge nne, kati ya meno 42, na yeye pia hawezi kusema lamuuma. Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kumkoromea mtoto amshikapo uso, huitwa mkorofi, akapigwa fimbo au akafukuzwa. Ni wangapi kati yetu huuinua mdomo wake kwanza?

Watu wa kale walimjali zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1914, huko Oberkassel nchini Ujerumani, palifukuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke, pamoja na mbwa mchanga wa miezi kama saba, waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Kasoro katika meno ya mbwa huyo zaonyesha kwamba aliugua vibaya mara kadhaa kabla ya kufa. Asingeweza kupona hata mara moja bila mtu wa kumpa maji, kumtia joto na kumsafisha. Naye kwa kuwinda hakufaa kitu.

Ugonjwa wa meno huanza kwa ukoga, ambao hugeuka kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia penye ufizi. Kisha ufizi huvimba na kutoka damu, pumzi hunuka, naye mbwa hutafuna kwa upande mmoja au huangusha chakula. Uvimbe chini ya jicho mara nyingi ni usaha wa jino la juu. Lakini angalia! Mbwa atokwaye na mate na kushindwa kumeza aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ukimshuku hivyo, usitie mkono kinywani mwake. Kaa mbali, mwite mganga wa mifugo.

Mbwa mzima, aliyechanjwa, aweza kuzoeshwa tangu utotoni kusuguliwa meno kwa mswaki laini na maji matupu. Dawa ya meno ya watu haimfai, na vidonge vyetu vya maumivu vyaweza kumwua. Gamba likishashika, kazi ni ya mganga: atamlaza kwa nusukaputi, akwangue mpaka chini ya ufizi, na lililooza aling'oe. Watu huona huruma hapo, wakisema mbwa bila meno atakula nini. Wazee wetu wa huku ziwani waling'olewa meno sita ya chini kwa desturi, wakala samaki wao mpaka uzeeni. Mbwa naye mpe ugali uliolowekwa katika mchuzi usio na kitunguu. Kidonda kikipona, atautafuna kwa pande zote mbili za taya.